Mji Uliojua Maana ya Rehema

Paukwa!
Pakawa!
Chungu kinachemka kwa nani?
Kwa jirani!
Mmealikwa?
Tumesikia harufu tu!

Basi harufu ndiyo nitakayowapa leo. Sogeeni. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hakuchekeki.

Hapo zamani paliondokea mji wa wasomi. Wakulima wasomi, wasusi wasomi, hata wezi wao wasomi. Ukiwapa neno la Kiarabu, wanalichimba mpaka mzizini, kisha wanakutajia watoto na wajukuu wa neno hilo. Humo alikaa mjane, Mwanahija, na bintiye mdogo, Siwatu. Mwaka huo mvua ilikataa. Mama akawa anampa mtoto tonge, yeye anakunywa maji. Mwisho tonge nalo likakosekana.

Mwanahija akaenda kwa Maalim Bashe.

"Hodi, Maalim. Nionee rehema, mtoto ana njaa."

"Rehema!" Maalim akafurahi. "Mzizi wake herufi tatu: ra, ha na mimu. Umelitamka vizuri, mwanangu."

Akafunga mlango.

Akaenda kwa Bi Kingwaba, akamkuta anapepeta mchele. Mchele, jamani!

"Bibi, nihurumie."

"Ah, huruma! Huyo nduguye rehema, tumbo moja."

Akaendelea kupepeta.

Akaenda kwa Makame, ndugu wa marehemu mumewe.

"Shemeji, nirehemu. Siwatu ni damu yenu."

"Kweli kabisa! Waarabu wameliita tumbo la uzazi kwa mzizi huohuo, na udugu wa damu vilevile. Una baraka mzizi huo, shemeji. Njoo siku nyingine nikueleze zaidi."

Mlango wa kwanza maana, wa pili maana, wa tatu maana. Unga? Hakuna. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Uongo! Wale walimjua, nami nawachukia mpaka leo.

Mwanahija akarudi akijikongoja. Akawaza. Mjini kwao ilikuwa desturi: nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika, wanaleta sinia kwa sinia. Akacheka kicheko kikavu.

"Siwatu, mwanangu, mimi nalala. Toka nje ulie, useme mama amekufa. Watakuja na chakula. Kula, kula haraka. Ukishiba, nifinye kidole, nitaamka."

"Wakikasirika, mama?"

"Waache wakasirike. Utakuwa umeshakula."

Akajifunika kanga. Siwatu akatoka, akapiga yowe. Lo! Mji mzima mbio. Maalim akaleta sinia la wali. Bi Kingwaba akaleta wali na kuku. Makame akaleta nyama ya mbuzi, analia kushinda wote. Siwatu akala, akala, akala mpaka akahema. Kisha akaingia chumbani, akamfinya mama kidole.

"Mama, nimeshiba."

Kimya.

Akamfinya tena. "Mama, amka. Nimekufichia paja la kuku."

Kimya.

Akamfinya mara ya tatu, kwa kucha. Kidole kilikuwa cha baridi. Mwanahija alilala na njaa ya siku nyingi, na ule uongo wake ukawa kweli. Ndugu zangu, hapa huwa naumia.

Wakamwosha, wakamvika sanda, wakampeleka makaburini. Maalim akasimama, kilemba kimekaa sawasawa.

"Marehemu," akaanza, "maana yake ni aliyerehemewa, na mzizi wake..."

"Mama yangu anaitwa Mwanahija," Siwatu akasema.

"Ndiyo, mwanangu, lakini mtu akifa tunamwita..."

"Nani alimrehemu?"

Maalim akamtazama Bi Kingwaba. Bi Kingwaba akamtazama Makame. Makame akatazama udongo. Maalim akainama, akachukua jembe, akaanza kufukia.

Ngano yangu imelala hapo. Aliyeipenda aibebe, na aliyeichukia aibebe vilevile.