Mkungu Uliovishwa Vigae

Ndugu zangu, mama mmoja alifanya kazi kwenye bustani za manispaa tangu enzi ambazo mtu aliumaliza mji mzima kwa mwendo wa robo saa. Barabara ya mtaa wake aliipanda mikungu pande zote mbili, kila nyumba akaikabidhi mti wake. Adhuhuri ungewaona wanawake wakitoka na masufuria, wakimwaga maji yaliyooshewa mchele shinani, wakiulizana habari, wakitaniana. Mama yule alistaafu, akahamia kwa bintiye mkoani, lakini kila akiosha mchele alikikumbuka kivuli kile.

Mji ukakua. Yakaja maduka, zikaja ghorofa, mikungu ikaangushwa mmoja mmoja hata ukabaki mmoja tu. Hapo ndipo watu wa mtaa waliposhtuka, wakaunda kamati ya kuuhifadhi, wakamwita mama awe mgeni rasmi wa sherehe yao.

Alipofika, alikwenda moja kwa moja kwenye mti. Zege limemwagwa mpaka shinani, na juu ya zege vigae vinang'aa. Shina limepakwa chokaa, limepigiliwa kibao kwa misumari: TUNAUPENDA MTI WETU. Juu, majani yameanza kukauka.

"Shikamoo, bibi," mwenyekiti wa kamati akasema. "Unauonaje? Hata bwana harusi havai hivi."

"Marahaba, baba. Maiti naye huvalishwa. Mti huu unakunywa wapi?"

"Si mvua ipo, bibi?"

"Inapita wapi?"

Mwenyekiti akatazama vigae. Mama akaingia nyumba ya jirani, akaomba maji ya mchele, akarudi na sufuria mkononi. Alipoinama amwage, mwenyekiti akamshika mkono.

"Taratibu, bibi. Utachafua vigae."

Mnacheka? Mnamcheka nani? Mikungu ile mingine iliuawa na watu wasioitaka. Huu unauawa na wanaoupenda, kwa michango yao wenyewe. Kamati ile ni sisi. Tunataka mti wa kupigia picha, kuuhudumia hatutaki. Mungu ametupa viumbe vyake tuvitunze; nani alituagiza tuvipambe?

Mwarobaini wetu hapo nje ya kanisa tuliubana kwa matofali ya pevingi mwezi uliopita, na mimi nikapiga makofi. Basi leo tukitoka, msinitafute mlangoni kunipa mkono. Nitakuwa pale chini ya mti na sururu. Mwenye yake aje nayo.