Chupa ya Majina Mpakani

Hekaya, hekaya! Mchele haujachaguliwa, kiuno kinaniwaka, nanyi mmejipanga kama kunguru wanaongoja utumbo wa samaki. Haya, kaeni, lakini atakayelia nitamtoa nje, maana hii si ya kubembelezea mtoto.

Alitawala Sultani Zuberi katika mji wa Nurabadi, penye mlima wa fairuzi, yale mawe ya buluu ya thamani, na jirani yake alikuwa Sultani Ghalibu wa Mwambakuu, mwenye watu tele na mawe yasiyofaa hata kujengea choo. Na wawili hao hawakusemezana miaka thelathini, kwa sababu Ghalibu alialikwa harusi kwa Zuberi akatengewa kidari cha kuku badala ya paja la mbuzi. Naam, ndio wakubwa hao.

Na vijana wa Mwambakuu walikuwa wakivuka mpaka kwenda kumchimbia fairuzi tajiri mmoja, tumwite Shamsi, mtu wa kanzu nyeupe na moyo wa masizi. Na langoni mwa mpaka Shamsi aliweka chupa ya shaba, na ndani yake jini Barakumba, aliyefungwa kwa mihuri ya pete mbili na mababu wa masultani hao. Kila kijana aliambiwa, "Jina ni mzigo, mwanangu. Litamke humu, utalichukua ukirudi." Nao wakatamka, maana kwao Mwambakuu mgeni mwenye adabu huacha mlangoni chochote atakachoambiwa na mwenyeji. Adabu nyingine ni ujinga uliofuliwa tu.

Na jina likiingia chupani hufutika duniani, hata mama mzazi halikumbuki. Basi mtu akifa mgodini, kadhi wa Nurabadi huuliza, "Marehemu ni nani?" Kimya. "Basi hakuna aliyekufa," husema kadhi, akaenda zake kula.

Mize, msuka mikeka wa Mwambakuu, alikuwa na kaka mmoja tu, naye ni mchimbaji kwa Shamsi. Alipopata habari kuwa anatema damu, alivuka kumfuata, akamkuta kalazwa nje ya mgodi kama gunia tupu, akamburura juu ya mkeka hadi mpakani.

"Zamani tuliumwagia mwamba maji, vumbi likatulia," kaka akamwambia njiani. "Tajiri akakataza, ati maji yanafifisha rangi ya jiwe. Na vitambaa vya kufunga pua akavichoma, ati tunaficha fairuzi mdomoni." Akakohoa sana. "Mize, wewe unaniita nani?"

"Nakuita kaka."

"Hilo si jina."

Wakafika langoni. Askari wa Nurabadi wakasema, "Si wetu huyu, mtoe." Mize akawaomba wa Mwambakuu wamwite tabibu, wakasema, "Jina lake? Hana? Hatupokei asiye na jina. Na maradhi yenyewe si ya huku, bibie." Na wakiwa bado wanabishana, kaka akakata roho, kichwa kikiwa Nurabadi na miguu Mwambakuu.

Mize akaketi kando ya maiti, akakataa isiguswe mpaka ipate jina la kuzikiwa. Na kwa mila ya nchi zote mbili, mnyama wa mizigo harukishwi maiti isiyozikwa. Siku ya tatu ngamia walijaa pande zote, na masultani wakaja wenyewe, leso puani.

"Huyu ni wako," akasema Zuberi, na hilo ndilo neno lake la kwanza baada ya miaka thelathini.

"Miguu ni yangu, kichwa ni chako. Na vumbi lililomuua ni la mlima wako."

"Nawe ulimwacha aje bila kuuliza anakuja kuvuta pumzi gani."

Mize akainama akasema, "Maulana zangu wawili, Mungu awadumishe katika enzi, sitaki dhahabu wala pole. Imamu anataka jina la kumwitia kaburini, nami sina. Chupa ile haifunguki ila kwa pete zenu za urithi zikigusana. Kushikana mikono mnaona haya, na kuziba pua pamoja je?"

Shamsi akajitupa magotini. "Msifungue, maulana, jini atawameza!"

"Na aanze na kidari," akasema Ghalibu, na Zuberi akatazama chini, kisha akanyoosha mkono.

Pete zikagusana. Barakumba akatoka, si kwa moto bali kwa kikohozi, akaanza kutaja waliokufa, sabini na mmoja, na kila jina lilipotoka, upande wa pili wa mpaka mwanamke akapiga ukemi. "Vuai, mwana wa Mwatime," akasema jini, na Mize akaanguka chini, kwa kuwa ndilo jina alilokuwa akilipigia kelele kila jioni, kaka aje ale.

Vuai akazikwa. Na masultani wakapatana pale pale: wakaguzi wa nchi zote mbili washuke pamoja hadi chini mgodini, wasinywe kahawa mlangoni; mwamba uloweshwe na pua zifungwe; mgonjwa atibiwe alipoangukia, aulizwe kwao baadaye; na jina likae na mwenyewe. Barakumba akafungwa kazi ya kuchota maji ya mgodi mpaka fairuzi iishe. Mnataka harusi? Mize aliolewa na mmoja wa waliotoka mgodini hai, akapewa na nyumba ya mawe, lakini ngoma hakucheza. Pumzi ya mwanadamu haijui mpaka. Anayeuweka mpaka hapo ni muuaji.

Na tajiri? Alilazimishwa kutamka jina lake chupani, na chupa ikayeyushwa. Akabaki akizurura langoni, "Mimi ni… mimi ni…", na watoto wake wakampita. Alipokufa, imamu akainama kaburini, akauliza, "Nimwite nani?" Hakuna aliyejua. Wakamfukia kimya. Hilo jina la Shamsi nimempachika mimi tu.