Fimbo ya Jumbe Sengondo

Tegeni masikio, watu wa Kilongweni, na aliyekuja na mkongojo auegemeze ukutani kwanza. Haya ni ya enzi ya babu wa babu zetu, mwaka ule ndui ilipopanda mlima huu kama mtu anayejua njia ya kwao, milango ikazibwa kwa miiba na mbuzi wakakosa wa kuwafungulia. Hapo ndipo aliposimama Mrindoko mwana wa Nalimi, mjukuu wa Kateri mfua chuma, Bega-la-Machela, Fahali Asiyetua Mzigo Njiani, mwenye kifua kipana kama mlango huu mnaouona; na mlango nimeupima mimi mwenyewe, anayebisha alete kamba yake.

Mrindoko aliwaokota wagonjwa waliotupwa na ndugu zao, wawili mgongoni na mmoja kifuani, akawapandisha hadi hapa, akang'oa mawe mtoni kwa mikono, akawajengea nyumba ya kutibiwa kwa sadaka, mwenye ng'ombe na asiye na hata kuku wakilala mkeka mmoja. Sharti lilikuwa moja, akilitangaza mlangoni kila asubuhi: "Ulichokiegemea ukija, kiache hapa. Ukikichukua tena, umeuchukua na ugonjwa wako, nao hautashuka kwa ajili yako peke yako."

Waliopona wakaacha mikongojo, wakaacha machela, ukuta ukajaa.

Ndipo akaletwa Jumbe Sengondo, mtawala wa mlima mzima, akiegemea fimbo ya mpingo yenye kichwa cha shaba. Akauguzwa siku ishirini na moja, akapona, akaitungua fimbo yake.

"Iache, Jumbe," Mrindoko akasema.

"Wewe mpagazi wa maiti! Hili ni gongo la kuchungia mbuzi? Nikishuka mikono mitupu watanijuaje kuwa ni jumbe?"

"Watakujua kwa kuwa u hai, baba."

Jumbe akacheka, akashuka. Kila nyumba aliyoinyooshea fimbo kuitikia salamu, ilipofika siku ya saba haikutoa moshi wa jikoni tena. Nyumba tisa. Kwenye ya kumi miguu ikamwisha, akaanguka akafa kizingitini, na fimbo ikabaki imesimama kwenye mwimo wa mlango. Nyumba hiyo ilikuwa ya Nalimi.

Mrindoko alishuka mbio, akamkuta mama yake amenyoosha mkono aiondoe.

"Mama, usiiguse! Huo mzigo ni wangu."

Akaishika. Akaupanda mlima, watu wakimpisha kwa mbali, malengelenge yakimtoka hatua kwa hatua, na mzigo ukawa mzito hata mawe ya ngazi yakabonyea. Nyayo zile mmezikanyaga leo mkiingia. Akaitundika fimbo kwenye msumari wa chumba cha mwisho, akawaambia wauguzi: "Fungeni kwa nje. Nikibisha, msifungue."

Alibisha siku tatu. Ya nne, kimya. Ndui ilipouacha mlima, wakafungua: mkeka umebonyea, fimbo msumarini, na mtu hayupo, wala mfupa.

Nyumba ikawa hospitali ya sadaka vizazi vitatu, hata ilipojengwa ile mpya ya barabarani, hii tukaifanya makumbusho yetu, na Bi Nakijwa anayeitunza akaandikia kila mkongojo jina la mwenyewe. Ndiyo maana Mkilongweni hampi mwenziwe fimbo mkononi. Huiegemeza ukutani, mwenziwe akaichukua kwa hiari yake.

Sasa nisikilizeni, maana kusimulia najua kuliko wote, lakini sikuwaitia hilo. Juzi Bi Nakijwa aliingia chumba cha mwisho kupangusa vumbi, akanijia mbio bila viatu.

"Kaka, msumari mtupu."

Tukafunga chumba kwa nje. Sitamuuliza aliyeichukua jina lake, wala ukoo wake. Ukuta ule pale; aiegemeze kabla jua halijatua. Fahali wa kuipandisha mara ya pili hatunaye. Na tangu alfajiri, ndani ya chumba kile kitupu, kuna mtu anabisha, nasi tuliambiwa tusifungue.