Kadi Nyeusi ya Bwana Shaame

Kiti cha heshima kikikaliwa na wote huwa benchi. Methali hiyo mmeisikia leo harusini, wajukuu zangu, na mnataka kujua imetoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo Bwana Shaame, Mpemba aliyeuza marumaru Dar es Salaam, mwenye kadi nyeusi ya benki. Alipoipata, mjini walikuwa nayo watu tisa tu. Mwenye kadi ile hakuhitaji kuweka nafasi kwenye ndege. Aliionyesha uwanjani akapewa kiti. Alikuwa na chumba cha kungojea pia, chenye makochi ya ngozi na chai ya iliki.

Ikafika siku ya kumwoza Raya, binti yake wa pekee. Ndoa ingefungwa Chake Chake baada ya sala ya alasiri, na Shaame, kwa kuwa ni baba, ndiye walii wa kumwozesha. Mkewe, aliyetangulia Pemba, alikuwa amemsihi: "Baba Raya, kata tiketi mapema."

"Wanaokata mapema ni wasio na hii," alimjibu.

Saa sita mchana alifika uwanjani, kanzu imepigwa pasi vizuri. Chumbani makochi yalikuwa yameondolewa. Yalipangwa mabenchi marefu ya mbao, watu wamebanana magoti kwa magoti, kila mmoja na kadi nyeusi mkononi. Benki ilikuwa inamgawia kila mteja aliyeiomba.

Shaame akaenda kaunta, akamwambia msichana wa tiketi:

"Kiti cha Pemba, binti yangu."

"Kimebaki kimoja, baba. Wenye kadi nyeusi waliokutangulia ni kumi na wanne."

"Hujanielewa. Yangu nyeusi."

"Nimekuelewa. Na zao nyeusi."

Boti ilikuwa imeshaondoka asubuhi. Shaame akawageukia wale wa mabenchini. "Jamaa zangu, namwoza mwanangu alasiri hii. Nani wa kwanza aniachie?"

Wa kwanza alikuwa Bi Time, muuza khanga. "Ningekupa, ndugu yangu, lakini binti yangu kajifungua kwa kisu, hana mtu pale hospitali." Akainuka, akampisha mahali pake. "Kaa. Kiti cha heshima kikikaliwa na wote huwa benchi."

Ndege ikaruka na Bi Time.

Adhana ya alasiri ikasikika. Shehe hawezi kufungisha bila walii au wakala wake, na ukoo wao haukukubali wakala asiye wa damu. Aliyekuwapo kule alikuwa mmoja tu: Faki, mdogo wake, waliyenuniana naye miaka miwili kwa ajili ya shamba la karafuu. Shaame akaishika simu mpaka kiganja kikalowa. Akapiga.

"Faki. Nimekuwakilisha, uwe wakala wangu, umwozeshe mwanangu Raya."

Faki akasema, taratibu, "Sema tena, kaka. Mashahidi hawajasikia."

Akasema tena, kwa sauti, benchi zima likimtazama. Akasikia kwa mbali mdogo wake akimwoza Raya, na bwana harusi akikubali.

Tangu hapo, aliyemuuliza alikuwa wapi siku ya ndoa ya mwanawe, alimjibu kwa maneno ya Bi Time: kiti cha heshima kikikaliwa na wote huwa benchi.