Kokwa Moja Mtungini

Palikuwa na sultani, jina lake Zahoro, aliyeamini kwamba Mungu alimuumba awe mpishi, ila kwa bahati mbaya akazaliwa mtawala. Kila Ijumaa baada ya sala alijifunga kanga kiunoni, akawafukuza wapishi jikoni, akapika pilau ya mji mzima. Kila nyumba ilete mlaji mmoja. Kula lazima, kusifu lazima. Yeye mwenyewe hali. Alidai harufu peke yake inamshibisha. Bahati yake!

Ijumaa hiyo alitia chumvi, akasahau, akatia tena. Chini pilau ikaungua, juu ikabaki mbichi. Watu wakazunguka masinia uani mwa jumba. Waziri akameza tonge la kwanza, machozi yakamlengalenga.

"Tamu, bwana! Nalia kwa furaha."

Akafuata kadhi, mtu aliyezeeka akipambanua haki na batili, siku hiyo akashindwa kupambanua pilau na maji ya bahari. "Tamu kuliko ya Ijumaa iliyopita," akasema.

Basi tena! Nani atamwambia kadhi amekosea? Kila mtu alimchungulia jirani yake, akamwona anatafuna na kutabasamu, akajiambia, labda ulimi wangu ndio mgonjwa. Tamu, tamu, tamu, mpaka zamu ikamfikia Bi Mize, mjane muuza vitumbua, mwenye kibanda kando ya lango la jumba.

Bi Mize akatema. "Chumvi," akasema. "Na imeungua."

Ua mzima ukaacha kutafuna.

"Watu wote hawa wamesema tamu," sultani akanguruma. "Wewe peke yako unasema chumvi. Nani mwongo?"

"Ulimi wangu, bwana, hauna macho ya kumtazama waziri."

"Sasa sikiliza, mwanamke. Katika mji wangu, mmoja akipingana na wengi, huyo mmoja ndiye mwongo. Na nyumba ya mwongo hubomolewa. Kibanda chako leo kinalala chini."

Bi Mize aliogopa, nisiwadanganye. Kibanda kile ndicho kilichomlisha, na ndicho kilichomsitiri na mvua. Lakini mdomo wake haukuwa na desturi ya kuomba ruhusa.

"Sheria nzuri, bwana. Ila wengi umewauliza huku wanatazamana. Weka mtungi nyuma ya pazia. Kila mtu achukue kokwa ya tende na kokoto, aingie peke yake. Pilau tamu, atie kokwa. Pilau mbaya, atie kokoto. Asijue mtu cha mwenzake."

Sultani akacheka. "Hata mimi nitatia. Kibanda kibomolewe kwa ushahidi kamili."

Wakaingia mmoja mmoja, wakatoka na nyuso za watu wema. Mtungi ukapinduliwa. Kokoto, kokoto, kokoto. Kokwa ilikuwa moja tu, ikaviringika mpaka miguuni pa kadhi.

"Hiyo yangu, bwana!" waziri akapaza sauti.

"Yangu mimi!" Kadhi akaikanyaga kabla mwingine hajaiokota.

"Yangu!" "Yangu!" Ua mzima ukadai kokwa ile ile. Maskini kokwa, ndogo vile, na wazazi wote hao!

Bi Mize akangoja kelele zipungue. "Alhamdulillahi, bwana. Yule mmoja aliyepingana na wengi amepatikana. Mwenye kokwa ajitaje, watu waende wakambomolee nyumba."

Kadhi akaondoa mguu polepole. Waziri akakumbuka kwamba, kusema kweli, yeye alitia kokoto. Kadhi naye akakumbuka. Ua mzima ukapata kumbukumbu kwa mpigo mmoja, maana kumbukumbu nayo huambukiza.

Sultani akageuka huku, akageuka kule. Kila mtu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Bi Mize," akasema kwa sauti ndogo, "unataka kusema jumba langu ndilo libomolewe?"

"Mimi ni nani, bwana, hata nipingane na wengi?"