Vituo vya Nakiete

Goti likichoka husogezwa kituo, nyumba haihamishwi. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mwenzenu Niendiwe maneno hayo asubuhi, mkacheka, mkidhani anamsimanga kwa miguu yake mifupi. Niendiwe mwenyewe hakucheka, maana anajua kwa nini ameambiwa. Sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Basi punguzeni pupa na hayo maharage, mnatupa mazima pamoja na mabovu, mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Kabla barabara ya magari haijachongwa mlimani, kijiji cha Ikongwe kule Upareni kilikuwa na njia moja tu ya kushukia tambarare, nayo ilikuwa ya miguu. Kila Jumanne wanawake walishuka gulioni alfajiri na mikungu ya ndizi, wakapanda mchana na chumvi, mahindi na mafuta ya taa. Kushuka hakukumpa mtu sifa. Sifa ilikuwa katika kupanda.

Kando ya njia hiyo palikuwa na mawe makubwa yaliyo bapa juu, mengine ya kimo cha msichana, mengine yakimfika mtu mzima kifuani. Hayo yaliitwa vituo. Mwanamke alilisogelea jiwe, akainama kidogo, mzigo ukahama kutoka kichwani ukakaa juu ya jiwe. Akishapumzika alijitwika mwenyewe, akaendelea. Lakini ole wake aliyetua chini, kwa sababu mzigo mzito ukishagusa ardhi humngoja mpita njia akutwike, na wapita njia wenyewe walikuwa wachache.

Msichana alipoanza kubeba mizigo, bibi yake ndiye aliyempangia vituo vyake. Msichana mmoja, Nakiete, alipangiwa saba. Alipofika miaka kumi na miwili akawa anaruka viwili. Alipovunja ungo vikabaki vitatu. Na alipoolewa, humohumo kijijini, akawa anatua mara moja tu, kwenye jiwe lililo juu ya kijito, kisha moja kwa moja hadi nyumbani. Wenzake wakampa jina la Kituo Kimoja. Alilipenda jina hilo kuliko kanga zote za arusi yake, na kwa miaka zaidi ya thelathini hakumpa mtu nafasi ya kumnyang'anya.

Miaka haina adabu. Ilimchukua mume wake, ikawatawanya watoto, halafu ikaingia gotini. Jumanne moja Nakiete alisema ana mafua. Jumanne iliyofuata alisema gulio limeharibika, watu wa siku hizi hawajui hata kupima mahindi. Mnaujua ugonjwa wa namna hiyo, hushika siku za kazi tu. Majirani wakaanza kumletea chumvi, naye akaipokea huku akitazama pembeni.

Mwanawe Mbonea, aliyekuwa akifanya kazi ya reli kule tambarare, aliposikia akapanda kumwambia mama yake ahamie kwake, kwenye nchi isiyo na vilima. Alikuja amejiandaa kwa mabishano ya siku nzima. Mama akakubali kabla chai haijapoa. Moyoni alikuwa ameshaamua kwamba mwanamke asiyeweza tena kupanda kwa kituo kimoja, mlima umemkataa. Akagawa kuku wake, na alipowagawa akalia, wala hakuwa akiwalilia kuku.

Wakapatana kwamba Mbonea aje Jumatano kubeba vyombo. Jumanne Nakiete akashuka polepole gulioni kwa mara ya mwisho, kuwaaga wauza chumvi waliomjua tangu akiwa bibi arusi. Akanunua pishi sita za mahindi amwachie wifi yake Namsifu, dada wa marehemu mumewe, kama kumbukumbu. Kisha akajitwika, akaanza kupanda. Vile vituo vidogo alivipita bila kuvitupia jicho, nia yake ikiwa ni kufika jiwe la kijitoni, atue pale mara ile moja, ahame na jina lake.

Hakufika. Katikati ya mwinuko goti likakataa, naye akaanguka mzimamzima, mzigo ukakaa chini. Akajaribu kuuinua, akashindwa. Akajaribu tena, mahindi yakaanza kumwagika. Akaketi njiani akalia kwa uchungu, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Namsifu ndiye aliyemkuta. Mawifi hawa walikuwa wametaniana maisha yao yote, na hakuna aliyewahi kumbakishia mwenzake neno. Namsifu alitua mzigo wake kwenye jiwe dogo lililokuwa hatua thelathini nyuma, akapanda mikono mitupu hadi pale alipoketi mwenzake.

"Wifi, mbona umetua pabaya?"

"Sikutua. Nimeanguka."

"Na jiwe ukaliacha hapo nyuma."

"Lile ni la watoto."

"Na hapo ulipoketi ni pa nani?"

Nakiete akaanza kuokota mahindi yaliyomwagika. Namsifu akaketi kando yake, na utani ukamtoka sautini.

"Bibi yako alikupangia saba kwa kuwa aliyatazama magoti yako. Yalipopata nguvu ukaviruka mwenyewe, hukumwomba mtu ruhusa. Leo kuvirudia unangoja ruhusa ya nani? Mimi nina tisa siku hizi. Mwaka juzi vilikuwa sita. Ila wewe ulikuwa mbele siku zote, wifi yangu, hukuwahi kugeuka ukaniona."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Nakiete kuliko maumivu ya goti. Akasema kwamba hata akitaka, toka hapo hadi kijitoni hakuna jiwe.

"Basi tuliweke," alisema Namsifu.

Wakakusanya mawe ya kando ya njia, wakayapanga moja juu ya jingine mpaka yakafika tumboni. Namsifu akamtwika, akarudi kuuchukua mzigo wake mwenyewe. Wakaondoka, na jioni ile Nakiete akatua kwenye kila kituo walichokikuta. Juu ya kijito walipita mawe ambayo hakuyagusa tangu usichana. Kwenye mojawapo alikumbuka jinsi bibi yake alivyokuwa akimpangusa jasho na kumuuliza, "Goti linasemaje?", kisha akamngoja ajibu, maana hakuuliza kwa kupoteza wakati. Miaka yote hiyo alikuwa amepita hapo mbiombio, na kumbukumbu ya bibi yake akawa anaipita vilevile. Alikawia kwenye jiwe hilo hata Namsifu akamuuliza kama amelala.

Jumatano Mbonea alifika na wanaume wawili wa kubeba vyombo. Akakuta nyumba imefagiwa, kitanda hakijafunguliwa, mama hayupo. Alimkuta njiani na Namsifu, wakipanga kituo cha pili mahali palipokuwa pakali zaidi.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nikiwa mjinga. Goti likichoka husogezwa kituo, mwanangu, nyumba haihamishwi."

Mbonea akatazama lile rundo la mawe, akatazama mikono ya mama yake iliyochubuka. Alitaka kubisha, kisha akavua shati, akaenda kuvingirisha jiwe ambalo wale wanawake wawili walishindwa kulisogeza.

Nakiete aliishi Ikongwe miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Vituo viliongezeka na safari ikafupika. Gulio lilipomshinda, alijiwekea kufika kijitoni kila Jumanne. Kijito kilipomshinda, akajiwekea kufika kwa Namsifu. Namsifu naye alipofariki, akajiwekea kufika kwenye mti wa uani. Kila alipobadili, alitangaza bila haya, na kila alipofika alifurahi kama zamani.

Siku hizi malori yanapanda mpaka shuleni, na vituo vimefunikwa na majani. Vichache bado vinaonekana, mkiniomba vizuri nitawaonyesha. Lakini waliokuwa wasichana wakati ule wanakumbuka Jumanne za mwaka wake wa mwisho. Safari yake ilikuwa toka kitandani hadi kizingitini, na ilimchukua asubuhi nzima. Walipopanda toka gulioni na mizigo yao walimkuta ameketi mlangoni pake, anawangoja.

"Leo nimefika," aliwaambia.

Nao walisimama na mizigo kichwani, wakamwitikia, "Umefika, mama."

Goti likichoka husogezwa kituo, nyumba haihamishwi.