Jina la Mtoto wa Kota Namba Saba

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani hii yenye mabati na fomu, palikuwa na kambi ya jeshi huko nyanda za juu, ambako mwezi wa saba maji ya ndoo huamka na utando wa barafu. Katika kota namba saba aliishi Tusekile, mke wa Praiveti Anyosisye. Mume alikwenda mazoezini porini. Kabla ya kuondoka alipiga mpira wa kuaga, akavunja kioo cha dirisha la chumbani. Wiki iliyofuata Tusekile akajifungua mtoto wa kiume, na upepo ukang'oa bati la paa.

Tusekile akalia, akafuta machozi, akatangaza uani: "Atakayemvusha mwanangu kipupwe hiki, ndiye atakayempa jina."

Akaja jirani, Mama Lugano. Akachukua koti zito la gwaride la mumewe, akaziba dirisha. Upepo ukakoma. Mumewe akatokea gwaridani na shati tupu, meno yakigongana kuliko buti, akawekwa lokapu siku saba.

Akaja Sajini Kibiki wa bendi. Akapanda juu ya paa, akafunika tundu kwa ngoma kubwa. Maji yakakoma. Manyunyu yakianguka, ngoma inalia du, du, du, na mtoto analala. Siku mgeni wa heshima alipokuja, bendi ilimpigia sufuria ya ugali.

Akaja Koplo Ngimbudzi, karani wa stoo. Hakuleta koti, hakuleta ngoma. Alijaza fomu ya kuomba kioo na bati. Jumatatu fomu, Jumatatu nyingine fomu, hata zikatimia saba. Watu wakamcheka sana, nami ningekuwepo ningecheka.

Lakini kambi ile ina sheria: nyumba mbovu isiyoombewa matengenezo hufungwa, na familia hurudishwa kijijini. Mkaguzi akaja. Akaona koti dirishani, akaona ngoma juu ya paa, akafungua mdomo. Ngimbudzi akamkabidhi fomu saba. Mkaguzi akafunga mdomo, akasaini, akaenda zake. Kioo na bati vilifika mwezi wa kumi, watu wakijipepea.

Mtoto kanenepa, mashavu kama maandazi. Siku ya kliniki wote wakafuatana naye.

"Upepo niliuzuia mimi," akasema Mama Lugano.

"Kwa koti langu," akasema mumewe. "Na baridi yenyewe niliila mimi."

"Angelowa, koti lingemfaa nini?" akasema Sajini Kibiki. "Na nani alikuwa akimbembeleza?"

"Bila fomu zangu," akasema Koplo Ngimbudzi, "mngeziba dirisha la nyumba isiyo na mtu."

Hapo akaingia Praiveti Anyosisye, ametoka porini, vumbi tele. "Mimi ndiye baba. Ataitwa jina la babu yake."

Tusekile akamjibu: "Karibu nyumbani, baba. Kioo kimeshawekwa."

Anyosisye akajipangusa vumbi. Tusekile akashindwa kuchagua, maana ahadi ni deni, na wadai wote walikuwa wamempenda mwanawe kweli.

Kadi ya mtoto mpaka leo imeandikwa "Mtoto" tu. Nesi ameshika kalamu, foleni imefika mlangoni. Haya, nyie mnaocheka, msaidieni mama huyu: je, nani alistahili kumpa mtoto jina?